Noah iliyoondolewa viti haigeuki gari la mizigo: jibu kwa msomaji wa Morogoro

Msomaji wa Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Mimi ni mfanyabiashara wa mboga, nachukua mzigo Mgeta na kuupeleka Dar es Salaam. Nataka kuagiza Toyota Noah ya mwaka 2011 kutoka Japani. Wakala amenishauri nimwombe muuzaji aondoe viti vya nyuma na kuziba vioo ili gari liingie kama la mizigo, maana ushuru utapungua karibu nusu. Likishatoka bandarini nitalisajili kwa namba nyeupe za biashara, na baadaye nitarudisha viti ili familia nayo ilitumie. Je, ni halali, na ushuru unapungua kweli?"

Marahaba, kijana wangu. Nitakupa jibu kwanza, sababu zifuate. Gari la mizigo la kweli hutozwa kodi pungufu kuliko gari la abiria, na katika hilo wakala wako hakukosea. Lakini Noah iliyoondolewa viti na kuzibwa vioo haiwi gari la mizigo mbele ya forodha, na rangi ya namba utakazofunga baadaye haipunguzi hata shilingi moja ya ushuru wa kuliingiza nchini. Ukiongeza nia yako ya kurudisha viti, ambayo umeiandika wazi, jambo hili linatoka kwenye kupanga kodi na kuingia kwenye kutoa maelezo ya uongo kwa forodha. Nakusihi usilifanye.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba neno "biashara" linabeba mambo mawili tofauti. Lipo swali la matumizi: gari hili litatumika nyumbani au litatafuta fedha? Swali hilo huulizwa wakati wa usajili, na ndilo linaloamua kama utafunga namba za njano za gari binafsi au nyeupe za gari la biashara. Na lipo swali la muundo: mtengenezaji alilibuni gari hili hasa kwa kubeba watu au kwa kubeba mizigo? Hili huulizwa na forodha siku gari linapoingia, na ndilo linaloamua ushuru. Noah inayobeba nyanya kila siku tangu alfajiri ni Noah ya biashara, lakini bado ni gari lililoundwa kubeba watu. Kadhalika pikapu ambayo mwenyewe huendea kanisani Jumapili tu haiachi kuwa gari la mizigo.

Sasa tuone fedha zenyewe, kwa sababu kishawishi kina ukubwa wake na si haki kukificha. Tuchukue mfano wa Noah ya injini ya sentimita za ujazo 1,986, ambayo thamani yake kwa forodha, yaani bei pamoja na bima na nauli ya meli, imekadiriwa kuwa dola 4,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 1,000, na jumla inafika 5,000. Juu ya hiyo 5,000 unawekwa ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini: gari la abiria lisilozidi sentimita 1,000 halitozwi, linalozidi 1,000 hadi 2,000 hutozwa asilimia 5, na linalozidi 2,000 hutozwa asilimia 10. Yako inaangukia asilimia 5, yaani dola 250. Halafu unakuja ule ambao watu wanauita ushuru wa uchakavu: gari la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 tangu litengenezwe huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. Noah ya 2011 imeshavuka miaka 10, kwa hiyo ni dola 1,500 nyingine. Jumla imefika 6,750, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 juu yake ni dola 1,215. Ukijumlisha vyote, kodi ni dola 3,965 kwa gari la dola 4,000, kabla ya tozo ya reli, ada za forodha na gharama za bandari.

Gari dogo la mizigo, lenye uzito wa jumla usiozidi tani 5, nalo hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Hapo hakuna nafuu yoyote, ingawa watu wengi hudhani nafuu iko hapo. Tofauti iko kwenye ushuru wa bidhaa: ule wa ukubwa wa injini unalenga magari ya kubeba watu, na ule wa uchakavu ni mwepesi zaidi kwa magari ya kazi. Katika mfano wetu, ushuru wa bidhaa wa aina zote mbili ni dola 1,750, nao huvuta kodi nyingine ya asilimia 18 juu yake, kwa hiyo hata kama ungeondoka wote, kiasi cha juu kabisa unachoweza kuokoa ni dola 2,065. Ni fedha nyingi kwa mfanyabiashara wa mboga, nami najua. Kumbuka tu kwamba viwango hivi hupitiwa kila bajeti inaposomwa mwezi Juni na mabadiliko huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote pitia kikokotoo cha magari yaliyotumika cha Mamlaka ya Mapato. Kikokotoo hicho kina faida nyingine: kitakuonyesha thamani ambayo Mamlaka yenyewe inaitambua kwa gari la aina na mwaka huo, ambayo mara nyingi si ile bei uliyoandikiwa kwenye ankara.

Forodha hutenganishaje gari la watu na gari la mizigo? Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatumia kitabu kimoja cha ushuru, na kitabu hicho kinafuata mfumo wa uainishaji wa Shirika la Forodha Duniani. Humo, magari yaliyoundwa hasa kwa kubeba watu wasiofika 10 pamoja na dereva yako fungu la 87.03, mabasi ya watu 10 na kuendelea yako 87.02, na magari ya mizigo yako 87.04. Kwa kuwa yapo magari yanayofanana sana kwa nje, Shirika hilo limetoa maelezo ya alama za kutazama. Dalili za gari la watu ni viti vya kudumu vyenye mikanda kwa kila abiria, au hata matundu na vishikio vya kufungia viti na mikanda hiyo nyuma ya dereva. Madirisha kwenye ubavu wa nyuma. Milango ya pembeni au ya nyuma yenye vioo. Kutokuwepo kwa ukuta wa kudumu kati ya dereva na sehemu ya nyuma. Na mapambo ya starehe kama zulia, taa za ndani na matundu ya hewa huko nyuma. Dalili za gari la mizigo ni kinyume chake: ubavu usio na vioo, ukuta wa kudumu nyuma ya dereva, sakafu tupu iliyoundwa kubeba uzito, na kama kuna viti nyuma basi ni benchi la kukunja lisilo na mikanda.

Soma tena maneno "matundu na vishikio", kwa sababu hapo ndipo mpango wako unapoanguka. Kiti unaweza kukiondoa kwa spana katika nusu saa. Ulichobakiza ni matundu yenye nyuzi za boliti yaliyotengenezwa kiwandani, reli za kutelezeshea viti zilizolala ndani ya sakafu, na nguzo za ubavuni zenye sehemu ya kufungia mkanda. Miaka mingi nimefanya kazi ya kutoa magari bandarini, na nimeshuhudia ukaguzi wa gari la aina hii katika bandari kavu moja. Vioo vilikuwa vimebandikwa karatasi nyeusi ya gundi, na sakafu imefunikwa ubao wa plaiwudi mpya kabisa. Ofisa wala hakutumia kifaa. Aliinua pembe ya ubao kwa vidole, akaonyesha reli ya kiti, kisha akakwangua karatasi kwa ukucha hadi kioo kikaonekana. Kazi yote haikufika dakika tano. Mwenye gari alilipa kodi yote ya gari la abiria pamoja na faini, na kwa sababu majadiliano yalichukua wiki kadhaa, gharama za kuhifadhi gari zilikuwa zimeshakula sehemu kubwa ya kile alichotarajia kuokoa.

Hata bila ubao kuinuliwa, gari lenyewe hujitaja. Angalia namba ya fremu: kwa magari mengi ya Toyota, msimbo wa muundo huishia na herufi inayoeleza umbo la bodi. Hiace yenye KDH201V ni gari la bodi la mizigo, na TRH214W ni ya abiria. Probox yenye NCP50V ilitengenezwa kama ya mizigo, na NCP58G kama ya abiria. Noah ya umri unaoutaka huwa ZRR70W au ZRR70G, na zote mbili ni za abiria. Ofisa wa uthamini anayejua kazi yake huliona hilo kwenye nyaraka kabla gari halijashushwa melini.

Hapa niongeze tahadhari kwa wale wanaoagiza Probox na mfano wake, kwa kuwa nao huniuliza mara kwa mara. Kule Japani, gari lililosajiliwa kuwa la mizigo huwa na namba ya daraja inayoanza na 1 au 4, na la abiria huanza na 3 au 5. Cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje nacho huandika kwamba gari ni la mizigo. Wauzaji hukitumia cheti hicho kumhakikishia mteja kwamba ushuru utakuwa wa mizigo. Cheti kinasaidia kama ushahidi, lakini hakimfungi ofisa wa hapa. Gari lenye vioo pande zote, viti vya nyuma vyenye mikanda na lisilo na ukuta nyuma ya dereva linaweza kuwa la mizigo huko Japani na likahesabiwa la abiria Dar es Salaam. Weka bajeti yako kwa kodi kubwa, na ikitokea ndogo ushukuru.

Kuhusu adhabu, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 203, inasema anayetoa tamko la uongo au lisilo sahihi katika jambo la forodha anaweza kufungwa hadi miaka 3 au kutozwa faini isiyozidi dola 10,000. Ulinganishe na dola 2,065 tulizokokotoa. Na usidhani gari likishatoka bandarini mambo yamekwisha. Kifungu cha 135 kinairuhusu forodha kudai kodi iliyopungua ndani ya miaka 5, na pale palipokuwa na udanganyifu, ukomo huo wa miaka haukulindi. Wala usijifiche nyuma ya wakala: tamko linatolewa kwa niaba yako, jina lako ndilo liko kwenye nyaraka, na barua pepe mlizoandikiana na muuzaji kuhusu kuondoa viti zitakuwa ushahidi dhidi yako. Wakala aliyekupa ushauri huu amekuuzia hatari ambayo wewe ndiye utakayeibeba zaidi.

Kama unafikiri hili ni jambo la watu wadogo tu, kumbuka kisa cha Ford nchini Marekani. Huko, wakati ule, ushuru ulikuwa kinyume na kwetu: gari la abiria lilitozwa asilimia 2.5 na gari dogo la mizigo asilimia 25. Kampuni hiyo ilikuwa ikiingiza magari yake ya Transit Connect kutoka Uturuki yakiwa na viti vya nyuma, kisha ikiviondoa baada ya kutoka forodhani na kuyauza kama magari ya mizigo. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa iliamua kwamba yalikuwa magari ya mizigo tangu mwanzo, na mwaka 2024 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 365 kumaliza madai ya serikali, bila kuwepo hukumu iliyoitia hatiani. Ilikuwa na wanasheria wa kila aina na magari yaliingia yakiwa na viti, lakini mahakama ilitazama gari liliundwa kwa kazi gani, si viti vilivyowekwa kwa siku chache.

Namba nyeupe, nazo, zina faida na mzigo wake. Kubadilisha matumizi ya gari kutoka binafsi kwenda biashara, au kubadilisha aina ya bodi kwenye kadi, ni haki yako baada ya gari kuingia kihalali: unaomba Mamlaka ya Mapato, gari linakaguliwa, kadi inabadilishwa. Hakuna kodi ya kuingiza inayorudishwa kwa sababu hiyo. Ukibeba mizigo ya wengine kwa malipo, utahitaji leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, na bima itakuwa ya biashara. Tafadhali litafakari kwa makini suala la bima. Ukiwa na kadi inayosema gari la mizigo, kisha ukafunga viti kwa fundi wa mtaani na kuwapakia mama na watoto, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa madai siku ya ajali. Na viti vilivyorudishwa kwa boliti za dukani, bila mikanda kufungwa mahali pake, hung'oka gari linapogonga. Barabara ya Mgeta unaijua kuliko mimi, na kona zake sihitaji kukueleza.

Basi ufanye nini? Kwa kuwa kazi yako ni mboga, swali langu la kwanza ni kwa nini iwe Noah. Ukiondoa viti vya Noah unabaki na springi laini, sakafu iliyoundwa kubeba miguu ya watu na dari inayonasa joto, na mchicha wa Mgeta hautafika Dar es Salaam ukiwa na sura yake. Agiza gari lililozaliwa la mizigo. Suzuki Carry, Kirikuu tunayoifahamu wote, ina injini ya sentimita 660 na huko Japani hairuhusiwi kubeba zaidi ya kilo 350, kwa hiyo inafaa mzigo mwepesi wa karibu kuliko safari ya milimani. Kwa safari yako, pikapu ya Townace au Liteace ingefaa zaidi. Hizi huingia fungu la 87.04 bila mjadala, na ile nafuu uliyoitafuta kwa njia ya pembeni unaipata ukiwa umesimama wima.

Kama familia nayo inahitaji gari na lazima liwe Noah, punguza umri badala ya kuondoa viti. Tazama hesabu: Noah yenye umri chini ya miaka 8, tuseme thamani yake ni dola 6,000, inatozwa ushuru wa forodha 1,500, ushuru wa bidhaa wa injini 375, hakuna uchakavu, na Kodi ya Ongezeko la Thamani 1,417.50. Jumla ya kodi ni dola 3,292.50, yaani ndogo kuliko ile ya gari la dola 4,000 lililozeeka. Ukiunganisha bei na kodi, la zamani linakugharimu 7,965 na jipya zaidi 9,292.50. Kwa tofauti ya dola 1,327.50 unapata gari lenye miaka mingi ya kazi mbele yake. Angalia tu kwamba umri unahesabiwa tangu mwaka wa kutengenezwa, si mwaka wa kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Gari lililotengenezwa mwishoni mwa mwaka mmoja na kusajiliwa mwaka uliofuata linaweza kukuvusha mstari wa miaka 8 bila kutarajia.

Kuna nafuu nyingine ambazo watu huzisahau kwa sababu haziko bandarini. Ukiwa umesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, kodi hiyo uliyolipa kwa gari la mizigo la biashara yako unaweza kuidai kama kodi ya manunuzi, yaani kuitoa kwenye kodi unayodaiwa kwa mauzo yako, ilhali kwa gari la abiria Sheria ya mwaka 2014 inakuzuia, isipokuwa biashara yako ni ya kuuza magari, kuyakodisha au kusafirisha abiria. Na kwenye kodi ya mapato, pikapu ndogo iko katika daraja la mali linalopunguzwa thamani kwa asilimia 37.5 kwa mwaka, wakati gari lisilo la biashara limewekewa ukomo wa gharama inayoweza kupunguzwa. Kwa mujibu wa sheria ya kodi ya mapato, gari la biashara ni lile lililoundwa kubeba zaidi ya nusu tani au zaidi ya abiria 13, au linalotumika katika biashara ya usafirishaji au ukodishaji. Kwa mtu anayetunza vitabu, hizi ni fedha halisi.

Na kama una ndugu anayerudi nyumbani kuishi baada ya kukaa nje, iwe Muscat au London, naye amelimiliki na kulitumia gari lake huko kwa muda usiopungua miezi 12, sheria ya forodha inampa msamaha wa gari moja anapohamia. Msamaha huo ni wake na wa gari lake. Usimwombe akuingizie lako kwa jina lake.

Wiki hii, kabla ya kutuma hata amana, mwombe muuzaji picha nne: bamba la mtengenezaji lenye namba ya fremu na msimbo wa muundo, sehemu ya nyuma ya dereva ikionekana yote, ubavu wa gari kwa nje, na cheti cha usajili. Kama baada ya kuziona bado kuna shaka juu ya fungu, andika barua kwa Kamishna wa Forodha kuomba uamuzi wa awali wa uainishaji, ambao umewekwa na kifungu cha 248A, ukiambatisha picha hizo na maelezo ya kweli kuhusu gari lilivyo. Utapata jibu la maandishi linaloifunga forodha kwa gari la maelezo hayo, na ukilipinga unayo siku 30 za kuomba lipitiwe upya. Jibu hilo liwe mkononi ndipo ulipe, na nakala yake mpe wakala utakayemchagua. Akikuambia halihitajiki, tafuta mwingine.